Tangu Nilipoacha Kukoroma

Nilikoroma miaka yote ya ndoa yangu na miaka yote ya ujane wangu, na sikuua mtu. Ndivyo nilivyomwambia munganga wa hospitali alipoanza kuniuliza habari za usingizi. Alikuwa kijana wa miwani, mwenye adabu, anayesema Kiswahili cha kwetu na kuingiza Kifaransa pale neno linapomkimbia. Hakucheka. Aliweka kalamu chini.

"Mama," akasema, "hatusemi utaua mutu. Tunasema weye njo utakufa."

Sikusoma sana. Naandika kama ninavyosema, na mwenye kusoma atanivumilia. Lakini kabla ya ugonjwa lazima nieleze nyumba, kwa sababu mambo hayo mawili yalikuja kufungwa kamba moja.

Nyumba yangu iko Kapata, katika zile safu ambazo kampuni ya madini ilijengea wafanyakazi wake, nyumba zinazofanana kama mapacha hata mlevi hukosea mlango. Baba yangu aliletwa na kampuni kutoka Kasai angali kijana, akatiwa kazi ya chini ya ardhi. Nilizaliwa katika safu hizi. Niliolewa na mtu wa kampuni, nikahamia safu nyingine, hatua chache tu kutoka kwa mama yangu. Kampuni ilipolegea, waliokuwa ndani ya nyumba wakauziwa, na marehemu mume wangu akanunua yetu kwa jasho la mwisho alilokuwa nalo. Alipokufa aliniachia vitu viwili: ukuta na sakafu. Sakafu ni ya saruji, nimeipaka nta nyekundu kila Jumamosi mpaka inaonyesha sura ya mtu. Sina kitu kingine duniani ninachoweza kusema ni changu. Mtoto wangu wa mwisho anaishi humo na mimi, pamoja na mke wake na watoto wao.

Ugonjwa ulianza kama uvivu. Mimi si mvivu, kwa hiyo niliuchukia. Nilikuwa nikiamka kichwa kizito kama mtu aliyepigwa, mdomo umekauka, na kabla ya saa sita nimekwisha choka. Nilisinzia kanisani wakati wa mahubiri, jambo ambalo wengi hulifanya, lakini mimi nilisinzia hata wakati wa kuimba, nimesimama, kitabu mkononi. Mama wa kwaya walinichokoza: "Mama, leo uliimba sauti ya ngapi?" Niliwajibu kwamba niliimba ile ambayo wao hawaifikii.

Kisha nikasinzia mbele ya mbabula, ile meko ya makaa, nikisonga bukari, yaani ugali. Mwiko ulikuwa mkononi. Nilipozinduka, kiganja kilikuwa kimelala juu ya ukingo wa chungu na ngozi inaondoka. Mke wa mwanangu ndiye aliyenivuta. Alinifunga kitambaa, akasema maneno aliyokuwa ameyameza muda mrefu.

"Mama, hata usiku iko vile. Unakoroma, nyumba yote inasikia. Kisha unanyamaza. Si kunyamaza ya mutu mwenye kulala. Kunyamaza ya mutu mwenye kuenda. Tunangojea. Kisha unarudia na nguvu, sawa mutu banamutoa mu maji."

"Na ulikuwa unangoja nini kunielezea?"

Alitazama chini. Hapa kwetu mwanamke mzee ambaye pumzi yake inatoka usiku na kurudi kabla ya kucha, watu wana neno lao kwa ajili yake. Wakimwona amekonda, wanasema anakula watu usiku. Wakimwona amenenepa, wanasema hivyo hivyo.

"Uliwaza natoka?" nikamwuliza.

"Mama, mi sikusema ile."

"Sikukuuliza kama ulisema."

Sikumlazimisha. Mtu aliyekaa kimya kwa hofu na bado akaja kukutoa mkono motoni, mwachie hofu yake. Lakini nilijua: kama hili halitapata jina la hospitali, litapata jina lingine, na jina hilo likikwisha kutamkwa mlangoni kwangu, hakuna nta itakayoliondoa.

Basi nikaenda kwa munganga, na ndipo akaniambia kwamba mimi ndiye nitakayekufa. Alinipa mkanda wa kufunga kifuani na kibanio cha kidole, nikalala navyo nyumbani, nikavirudisha. Alisoma kwenye kompyuta yake kwa muda mrefu, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyozidi kuwa mpole. Munganga akianza upole, shika kiti.

"Koo yako, mama, ukilala, nyama yake inalegea. Inaanguka, inafunga njia ya hewa. Kichwa inaogopa, inakuamusha kidogo, unavuta hewa, unalala tena. Usiku muzima, njo vile."

"Ni kuporomoka kwa shimo," nikasema.

Alinitazama, kisha akaitikia kwa kichwa. "Njo vile. Shimo inaporomoka."

Kuanzia hapo nilielewa kila kitu, kwa sababu mimi ni mtoto wa mtu wa chini. Baba alituambia mara nyingi jinsi dari ya mgodi inavyoanguka: kwanza vumbi kidogo, kisha vijiwe, kisha mlima. Kazi ya mti unaosimamishwa kule ndani ni moja tu, kuuambia mlima ungoje. Munganga akanieleza kwamba kuna mashine inayopuliza upepo kupitia bomba mpaka kwenye maski ya puani, na upepo huo unasimama kooni usiku kucha ili nyama isianguke. Mti wa upepo. Nikasema vizuri, itapatikana wapi.

Ilipatikana. Mwanangu alisafiri mpaka Lubumbashi akairudisha ndani ya mfuko wake, pamoja na batri kubwa na kioo cha jua cha kuweka juu ya bati, maana umeme wa Kapata unajulikana. Nilimwuliza aliwezaje. Yeye anauza simu na vocha karibu na kituo cha mototaksi, na nilijua biashara ile inampa chumvi, haimpi nyama.

"Mambo inatembea, mama," akasema. "Weye pumua tu."

Nilimwekea mkono kichwani nikamwombea. Nakumbuka nilitumia maneno "mikono yako ibarikiwe kwa kila inachokigusa." Ningekuwa najua mikono ile inagusa nini, ningeomba maombi mengine.

Maski ile mara ya kwanza ilinitia hasira. Ina kamba za kuzunguka kichwa, na mto laini wa kubana pua, na bomba kama la kuoshea gari. Mke wa mwanangu alinifunga, akarudi nyuma kuniangalia, akaziba mdomo.

"Cheka tu, mi naona," nikamwambia kutoka ndani.

"Mama, unafanana na tembo mwenye kugonjwa."

"Kaza kamba. Tembo haina haraka."

Alipowasha, upepo uliingia kwa nguvu, nikaivua maski kama mtu aliyeingiwa na nyuki. Nikavaa tena. Nikavua tena. Ukipingana na upepo ule unakusukuma. Ukifungua mdomo unatokea mdomoni kama mtu mwingine anayetaka kusema. Munganga alikuwa amesema nivae mchana kwanza, nikiketi, nikichambua maharagwe, mpaka mwili ukubali. Nilichambua maharagwe mengi sana. Wajukuu walikaa mlangoni wakinitazama na hakuna aliyenisogelea.

Mashine ina kisanduku cha maji, cheupe, unaona ndani, cha kuulowesha upepo usikaushe pua. Mke wa mwanangu alitaka kukijaza kwa ile chupa ya maji ya batri, kwa kuwa duka limeandika ni maji safi sana. Nilimshika mkono. Vitu vya batri vinakula chuma. Pua yangu si chuma. Tulitumia maji yaliyochemshwa na kupozwa. Na ina kitambaa cheupe cha kuchuja vumbi, kidogo kama kipande cha sabuni. Baada ya juma moja nilikitoa kukiosha. Kilikuwa na rangi ya kutu iliyochanganyika na majivu. Malori ya madini yanapita barabara yetu mchana na usiku, na sisi tunasema vumbi, vumbi, kama tunavyosema habari za asubuhi. Nilikishika kile kitambaa mkononi nikafikiri: hiki ni cha juma moja tu.

Lakini nililala. Siwezi kusema uongo. Mwili ulipokubali nililala kama nilivyolala nikiwa msichana, nikaamka kichwa chepesi, nikasimama kanisani mpaka mwisho na kuimba sauti yangu yote. Mkono ukapona. Mke wa mwanangu alianza kunisalimu asubuhi akinitazama machoni. Nyumba ilikuwa kimya. Ule mngurumo wangu ulikuwa umekwisha. Mashine yenyewe hunong'ona tu, kama mtu anayepoza chai.

Kimya kile ndicho kilichotuletea mambo.

Ilikuwa kumepambazuka. Nilivua maski, nikazima mashine, nikakaa ukingoni mwa kitanda kumshukuru Mungu kama kawaida yangu. Mbele yangu juu ya kabati dogo kulikuwa na kile kisanduku cha maji. Mashine imezimwa. Hakuna lori barabarani. Watoto hawajaamka. Na maji yalikuwa yanatetemeka.

Yalitetemeka kidogo, duara dogo katikati, likapotea. Tena duara. Tena. Yakatulia kama mtu anayepumzika, kisha duara.

Baba alikuwa na desturi moja. Jioni, sisi watoto tukiwa tumeketi, alikuwa akiweka kikombe cha maji sakafuni na kutuambia tungoje. Kampuni ilikuwa na saa yake ya kulipua mawe. Saa ikifika, maji yanaruka duara, sisi tunapiga makofi. Kisha alikuwa akituambia, na hapo hakuwa akicheza: "Maji ikitetemeka mu saa ya kampuni, kuleni chakula. Ikitetemeka inje ya saa, tokeni mu nyumba." Tuliona ni mchezo wa mzee. Kampuni haijalipua kitu karibu na sisi miaka mingi sasa.

Nilichukua kikombe jikoni. Nilikiweka sakafuni sebuleni: maji yametulia. Chumba cha mwanangu, mlangoni: yametulia. Chumba changu, karibu na ukuta: duara. Chini ya kitanda changu: duara moja juu ya jingine, halingoji lililotangulia liishe. Nikapiga magoti, na umri huu, nikaweka sikio kwenye nta yangu nyekundu. Tok. Tok. Kisha kimya. Kisha tok. Nilipoinua uso ndipo nilipouona ufa, mwembamba kama uzi, unatoka chini ya kitanda kwenda kwenye kabati. Jumamosi ngapi nilikuwa nimepaka nta juu yake, sijui. Kitambaa changu kilikuwa kimeuficha kwa usafi.

Sikumwambia mtu. Mwanangu alikuwa ametoka mapema. Nilijifunga kitenge, nikatoka.

Nyumba ya tatu kutoka kwangu anaishi mzee mmoja aliyefanya kazi na mume wangu. Tangu mvua zilizopita alikuwa amezungushia uwanja wake turubai la bluu, akasema anachimba kisima. Bomba letu la maji linakuja linapotaka, kwa hiyo kisima si ajabu. Ni kweli magunia yalikuwa yanatoka pale alfajiri juu ya pikipiki, na hakuna anayechota maji kwa gunia. Kapata nzima inajua visima vya namna hii, vya kutafuta madini. Mimi pia nilijua. Nilijiambia: anakula sakafu yake, ni shauri lake.

Kwenye tundu la turubai alikuwa amekaa mchimbaji mmoja kijana, taa kichwani, anakula bukari baridi na samaki wadogo.

"Jambo, mama."

"Jambo. Mwenye nyumba iko?"

"Alitoka. Mama anatafuta maji?" Wenzake ndani wakacheka.

"Natafuta kujua maji yenu inafika wapi."

Kabla hajajibu, kichwa kilitokea shimoni. Mwenye kichwa hicho alikuwa mwekundu kwa udongo mpaka kope. Alinitazama, akatabasamu kama aliyeona shangazi yake.

"Eh, mama ya PDG!"

PDG ndivyo wachimbaji wanavyomwita mwenye shimo, yule anayelipa chakula na kuchukua fungu kubwa; na mwana ninayeishi naye ni mmoja tu. Yule mwenye bukari alimkata jicho, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka, na mwenzake hakuona jicho hilo.

"Mama, tulikuombolezea," akaendelea. "Kweli. Mama Moteur, mama ya injini! Pale chini tulikuwa tunatumika kazi na muziki yako. Ikikatika, tunaacha nyundo, tunabeti: atarudia, hatarudia. Huyu hapa alikula pesa yangu mingi, yeye anasemaka kila siku utarudia. Kisha juma mingi kimya. Mi nikasema, moteur imekufa."

Walicheka wote, na mimi nilicheka, kwa sababu nina mdomo na jambo lilikuwa la kuchekesha. Kicheko kilinikatikia katikati. Nilimwuliza taratibu:

"Mulikuwa munanisikia kupitia wapi? Ku mulango ya shimo?"

"Hapana, mama." Alinyoosha kidole kilichopakaa udongo kuelekea juu ya taa yake. "Hapa. Juu ya kichwa."

Mtu akiweza kusikia mkoromo wa bibi aliyelala juu yake, na akasikia hata unapokatika, udongo ulio kati yao si mlima. Ni kifuniko.

Pembeni mwa shimo kulikuwa na kimashine kidogo kinachonguruma, na bomba la plastiki limefungwa kwa vipande vya mpira, linashuka gizani kuwapelekea hewa waliobaki chini. Nilisimama nikaliangalia. Bomba lilikuwa likicheza polepole, kama linapumua. Sikuhitaji kuelezwa kazi yake. Asubuhi ile ile nilikuwa nimevua la kwangu usoni.

Mwanangu alikuja mchana kula. Nilimwekea bukari na sombe ya majani ya muhogo, nikamngoja amege, kisha nikaweka kikombe cha maji sakafuni mlangoni mwa chumba changu, pale anapoweza kukiona.

"Angalia," nikasema.

Alitazama. Maji yakapiga duara. Akaacha kutafuna.

"Mama, nani alikuambia?"

"Baba yangu. Mbele weye uzaliwe."

Alinawa mkono ingawa hakuwa amemaliza. Mke wake alisimama jikoni na sahani mkononi, na nilimtazama usoni nikaona hakuwa akijua. Hilo lilinisaidia kidogo.

"Mama, sikiliza. Ile mukanda ya madini inapita chini yetu. Haiulize parcelle, kiwanja ya nani. Mi nikikataa, bale bantu banapita tu, bila kutupatia kitu. Nikasema afazali mi nikuwe mukubwa ya ile upande."

"Chini ya kitanda yangu."

"Chini ya Kapata yote, mama. Unafikiri ni sisi peke?" Sauti yake ikapanda. "Na ile mashine unavaaka ku sura, ilitoka wapi? Batri? Nilikuwa nikuache ukufe kila usiku, mi nasikiliza ku ukuta?"

Alikuwa amenipiga mahali penyewe, na alijua. Kila pumzi niliyoivuta tangu nilale vizuri ilitoka chini ya sakafu yangu. Lakini mimi nimelea watoto, najua mtoto anapokupa nusu.

"Ile shimo ilifika kwetu mbele nigonjwe, ama nyuma?"

Alikuna shingo.

"Mbele wende kwa munganga, ama nyuma?" nikarudia.

"Mbele."

"Basi usitie jina yangu mu shimo yako. Mashine nakushukuru. Shimo ni yako."

Alianza kuniambia wataweka miti, kwamba yule mzee ameahidi, kwamba ni miezi michache tu. Nilimwacha akamaliza. Kisha nikamwambia lile ambalo nilikuwa nimelifikiri njiani nikirudi.

"Kuanzia leo mi nalala ku salon na mashine yangu. Muke yako na batoto balale na mi. Weye utalala mu chumba yangu."

Akashtuka. Kwetu sisi wa Kasai, mwanamume aliyeoa hawezi kulala kwenye kitanda cha mama yake. Hata akiwa mlevi, hata akiwa mgonjwa, atalala nje kwanza. Ni mwiko ambao hata hawa wa simu na vocha hawajausahau.

"Mama, ile siwezi. Ku kitanda yako?"

"Nani alitaja kitanda? Nilisema chumba. Utalala chini. Na mukeka. Sikio ku sakafu."

Alilala. Mimi sebuleni nilivaa maski, nikafunga kamba, na nililala vizuri, siwezi kusema sikulala. Mashine haiulizi kuna nini chini. Hilo ndilo jambo linalonitisha kwayo mpaka leo: ningeporomoka nayo usoni, na pumzi yangu ingekuwa nzuri mpaka chini.

Asubuhi ya kwanza alikuwa amekaa mlangoni, mkeka umekunjwa, macho mekundu. Asubuhi iliyofuata hivyo hivyo. Asubuhi ya tatu alikunywa chai mpaka nusu, akasema akiangalia kikombe:

"Banapiga karibu na sikio, mama. Unafikiri banapiga mu kichwa yako."

"Njo mahali kichwa yangu ilikuwa."

"Na nilisikia banacheka. Banasema…" Akasita.

"Banasema nini?"

"Moteur imefufuka." Akajipangusa uso. "Kumbe na mi nakoroma."

Mke wake alicheka mpaka akaweka chini sufuria. Mimi sikucheka. Nilimtazama shingo yake nene, ambayo ni yangu, na kwa mara ya kwanza niliogopa kwa ajili yake kwa namna mbili.

Siku ile alikwenda kwa yule mzee kusema kazi ya chini ya nyumba yetu imekwisha. Jioni mzee mwenyewe alikuja kwangu, kofia mkononi, akaketi mahali alipokuwa akiketi na mume wangu.

"Mama, tuongee sawa bantu bakubwa. Tutaweka miti."

"Tata, nakaa ku dirisha kila siku. Sikuona hata muti moja kupita."

"Kampuni ilikula yake miaka yote. Na sisi tukule yetu."

"Kula, tata. Kula chini ya kitanda yako."

Alikaa kidogo, akaniuliza kama afya yangu ni nzuri sasa. Nikamwambia ni nzuri. Akasema, "Tulizoea kukusikia." Aliisema kwa upole, na nywele zilinisimama. Yeye haishi chini ya ardhi. Nyumba ya tatu, kuta za kampuni, huwezi kusikia mtu akikoroma. Maana yake alikuwa ameshuka mwenyewe, na miaka yake yote, akasimama chini ya mjane wa rafiki yake, akasikiliza, akapanda, akaja kunisalimu kanisani.

Walijaza. Lazima niseme hivyo kwa haki. Mwanangu aliingia na wachimbaji wawili, wakaburuta magunia ya udongo ule ule usio na madini mpaka ule mkono wa shimo ukajaa, na alipotoka hakuweza kunyoosha mgongo. Aliziba ufa kwa saruji. Nimeupaka nta, lakini rangi haijafanana, kwa hiyo sasa nauona kila siku, na ni afadhali hivyo. Nilimlazimisha pia aende kwa yule munganga wa miwani na shingo yake. Amefungwa mkanda wa kifua na kibanio cha kidole, majibu tunayangoja. Mto wa maski yangu umeanza kuchoka, unavujisha upepo kwenye shavu. Mwingine utanunuliwa kwa kitu gani, sijauliza, na yeye hajasema.

Sikurudi chumbani. Nilisema ni kwa ajili ya joto, sebule ina dirisha kubwa. Dirisha hilo liko upande wa barabara.

Juma hili niliamka kumepambazuka. Nilivua maski, nikazima mashine, nikashukuru. Watoto walikuwa wamelala karibu yangu mdomo wazi, mama yao ameweka mkono juu yao. Hakuna lori. Nilitazama kisanduku cha maji, kama mtu anavyotazama saa.

Duara. Kisha duara.

Maduara yalikuwa yanaanzia upande mwingine wa kisanduku, si wa mzee. Upande wa barabara, kwa watu ambao sisi hatujawahi kuketi nao. Nilimwita mwanangu bila kupaza sauti ili watoto wasiamke. Alikuja, akainama, akatazama maji muda mrefu. Hakuniambia ni lori. Hakuniambia ni upepo. Aligeuza kichwa polepole kuelekea dirishani, kama mtu anayehesabu nyumba.

"Mama," akasema, "bale si bantu bangu."

"Najua."

Alibaki ameinama. Nilianza kuwaamsha watoto mmoja mmoja, nikiwagusa mguu, taratibu, na kumpa mama yao nguo zao awatoe nje.

"Leta mukeka yako," nikamwambia. "Tandika hapa. Sikio ku sakafu."